Baina ya Adhuhuri na Alasiri

Mamake alikuja na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Alikikunjua juu ya meza yangu polepole, kama mtu afunguaye bandeji. Ndani mlikuwa na vijitembe vyeupe, vingine vimemegwa kwa meno.

"Daktari, nimevikuta chini ya mto wake. Nilipovinusa tu, miguu ikaniisha nguvu."

Sikuwa na haja ya kunusa. Kafuri haijifichi. Mtu mzima wa Mombasa aijua harufu ile tangu msiba wa kwanza aliohudhuria, kwa kuwa ndiyo itiwayo katika maji ya josho la mwisho la maiti. Ndiyo sababu wengine huiita karafumaiti. Na mwanawe, kijana wa miaka 31, alikuwa akiila. Siku mbili kabla ya hapo alianguka kwenye ngazi za nyumba yao, Mji wa Kale, akashikwa na degedege, akajing'ata ulimi. Majirani walisema jini. Ami yake akasema kifafa. Mama peke yake ndiye aliyerudi chumbani akaanza kupekua.

Nilikuwa tabibu kwa miaka mingi. Sasa nimestaafu, na Jumamosi hukaa katika chumba kidogo nyuma ya madrasa kusikiliza vijana. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe. Amekisoma, akafuta mistari miwili, na mambo machache nimeyageuza ili asitambulike. Kafuri sikuigeuza. Ni sumu: kipande kidogo tu kikimezwa chaweza kumtia mtu degedege, na chaweza kuua. Anayedhani ni dawa ya kienyeji isiyo na madhara kwa sababu yauzwa dukani pamoja na ubani na udi, na aiache.

Nilipomuuliza kwa nini, alijibu akiutazama mkeka: "Nataka kuua matamanio, ami."

Jibu hilo nililiamini kwa wiki tano. Hapo ndipo nilipokosea, na sehemu kubwa ya uchambuzi huu ni maelezo ya kosa hilo.

Mwaka 2018 alikuwa karani katika afisi ya kliaringi, akihangaika na makaratasi ya makontena bandarini. Alikuwa na mchumba. Posa ilikubaliwa, kilemba cha baba kikatolewa, mkaja wa mama nao ukatolewa. Mahari yenyewe, kusema haki, wazazi wa binti hawakuipandisha, na katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, mahari haina hata kiwango cha chini. Kilichopanda ni vile visivyo na sura wala aya: ukumbi, usiku wa kupamba, seti ya chumba, mpiga picha. Harusi ikasogezwa mbele mwaka mmoja ili fedha zipatikane.

Mwaka 2019 ukaja na agizo la serikali kwamba shehena za kwenda bara zipakiwe kwenye reli mpya na kutolewa Embakasi, Nairobi. Wasomaji wa Mombasa hawahitaji kusimuliwa. Watu waliandamana, afisi zikafungwa, nyingine zikahamia bara na madereva wa malori wakabaki kucheza drafti. Agizo liliondolewa Septemba 2022, serikali mpya ilipoingia, lakini afisi ya kijana huyu ilikuwa imeshafunga milango. Binti naye alikuwa ameshaolewa kwengine na ana mtoto.

"Hakuna aliyekosea," aliniambia. Niliiandika kauli hiyo kwenye daftari langu na kuipigia mstari, nikiona ni ukomavu. Leo naisoma tofauti. Mtu aliyevunjikiwa posa na kazi kwa pamoja, asiwe na neno kwa mkwe wala kwa serikali, wala asimnung'unikie Mola wake hata usiku mmoja, huyo ilinipasa kumshuku.

Akageukia msikiti. Alianza na funga za Jumatatu na Alhamisi, kisha akashika ya Nabii Daudi, siku afunge siku ale. Godoro akalitoa chumbani. Alisema hataoa maisha yake yote, na alikuwa na hoja: Imam Tabari hakuoa, Imam Nawawi hakuoa, Ibn Taymiyya hakuoa. Majina ni ya kweli, na orodha yaweza kurefuka. Mtaa ulimpenda. Kijana asiyeonekana barazani wala kwenye muguka, majani yale yatafunwayo kwa ulevi, nani hatampenda? Mamake alikuwa akijisifia kwa majirani: "Nimpikiacho chochote, asema alhamdulillahi. Hata chumvi ikizidi, halalamiki."

Usiku ulikuwa na mambo yake. Mwili wa kijana ni mwili wa kijana, na alikuwa akiota. Kila akiota aliamka kuoga josho la janaba, akimaliza akashuku kama maji yamefika nyuma ya sikio, akarudia. Mamake aliijua shida hiyo kwa njia ya Mombasa: mifereji ikiwa mikavu, maji hununuliwa kwa mwenye mkokoteni, na nyumba ya watu watatu ilikuwa ikimaliza madumu saba ya lita 20 kwa siku. Alidhani kuna mahali pavuja.

Basi nikaona nimeelewa. Kijana ana matamanio, anayaonea haya kupita kiasi, na elimu yake ya dini ina pengo. Nikamwita ustadh wa msikiti wao, mtu mpole na msomi, tukakaa watatu. Ustadh alifanya kazi nzuri kuliko nilivyotarajia. Alimkumbusha hadithi ya vijana: mwenye uwezo na aoe, asiyeweza na afunge, maana funga ni kinga. Alimsimulia Uthman bin Madh'un, sahaba aliyetaka kujitenga na wanawake kabisa kwa ajili ya ibada, na Mtume akamkatalia. Alimwambia kalamu imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke, kwa hiyo ndoto haina dhambi, na kwamba umma huu umesamehewa yanayopita moyoni maadamu hayajasemwa wala kutendwa.

Kisha akasema jambo lililonishangaza. Mafakihi wa Kishafii waliandika, karne nyingi zilizopita, kwamba ambaye matamanio yake hayakuvunjika kwa funga asiyavunje kwa kafuri na mfano wake. Wametaja kafuri kwa jina. Kumbe kijana wetu alikuwa na watangulizi! Hata mimi nilikumbuka shule ya bweni, ambako kila kizazi cha wanafunzi Kenya nzima huapa kwamba mpishi anatia mafuta ya taa kwenye maharagwe ili wavulana watulie. Hofu ya mwili ina maduka yake ya dawa kila mahali.

Kijana alisikiliza, akakubali kila neno, akashukuru. Jumamosi iliyofuata aliniuliza kama nyuma ya sikio ni sehemu ya uso au ya kichwa.

Tukarudia darsa, naye akakubali tena. Wiki ya tano nilichoka, na uchovu ndio ulionisaidia. Niliacha mambo ya halali na haramu, nikarudi kwenye maswali ya kitabibu niliyokuwa nikiwauliza wagonjwa miaka yote: walalaje, walaje, kipi kilikupendeza zamani na sasa hakikupendezi, na saa gani katika siku ni nzito kwako. Hilo la mwisho niliuliza kwa kutimiza ada tu. Kalamu yangu ilikuwa tayari kuandika "usiku".

"Baada ya adhuhuri," alisema.

"Mchana?"

"Tukishasali. Watu waenda kula. Mimi narudi nyumbani, nakaa pale juu mpaka alasiri. Jua halisogei, ami. Natazama mlango, na sina ninachokitaka. Si mke, si chakula, si pepo."

"Hata pepo huitaki, mwanangu?"

"Pepo ni kukaa milele. Mimi nataka kuisha."

Alisema bila machozi, kwa sauti ya mtu anayetaja nauli ya matatu. Nikamuuliza moja kwa moja kama amefikiria kujiua. Wako wanaoogopa swali hilo wakidhani litampa mtu wazo. Halimpi, humfungulia mlango wa kusema. Akanyamaza. Kisha akaniambia kwamba kafuri hakuwa akiitafuna usiku peke yake. Mara nyingi aliitafuna mchana, katika saa ile ile, ambapo hakukuwa na matamanio yoyote ya kuuawa.

Nilirudi nyumbani na daftari, nikasoma upya kila nilichoandika. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Ataka kukata tamaa za mwili." Nikalitazama neno lile. Lugha yetu haina mawili hapo. Tamaa ndiyo inayomwasha mtu usiku, na tamaa hiyo hiyo ndiyo inayomtoa kitandani asubuhi aende kutafuta. Aya tuisomayo kwa tafsiri yasema msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Kijana alishika kisu akaanza kukata, na sote, mimi, ustadh, mama na mtaa mzima, tulisimama tukimwelekeza akate kwa kiasi gani na kwa njia ipi iliyo halali. Hakuna aliyeuliza kimebaki nini. Na kwa maoni yangu, matamanio yale ya usiku yaliyomtesa ndiyo kitu pekee kilichokuwa bado hai ndani yake. Ndiyo sababu aliyaona makubwa sana: nyumba nzima ilikuwa giza na taa moja imesahauliwa ikiwaka.

Nina rafiki padre. Tulijuana zamani wodini, yeye akija kuwapaka wagonjwa mafuta matakatifu, mimi nikimwomba asinizibie njia. Nilimwendea kwa chai, nikamweleza bila kutaja jina, kwa sababu nilitaka kumsikia mtu ambaye useja ni kazi yake.

Alicheka kwanza. "Wewe wadhani twapigana na mwili kutwa kucha?" Akaniambia useja wa mapadre una kengele, una meza ya kula na wenzako hata usiowapenda, una askofu anayekupeleka usikotaka, una simu ya saa nane usiku kwamba mzee fulani anakata roho. Hata hivyo, alisema, wako wanaovunjika. Hakujaribu kulipamba jambo: alinikumbusha kwamba katika kanisa lao la Kilatini sheria ilikazwa kwenye mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 1139, na kwamba Wakatoliki wa makanisa ya Mashariki wanao mapadre wenye wake hadi leo. Paulo mwenyewe aliuita useja karama, akasema asiyeweza ni heri aoe kuliko kuwaka tamaa. "Huyo wako hakupewa karama. Alinyimwa mke, akaita kunyimwa karama."

Niliona ni maneno makali, lakini sikuweza kuyakataa. Mafakihi wetu nao wametofautisha. Nawawi huyo huyo ambaye hakuoa ameandika kwamba anayehitaji ndoa na ana uwezo, imependekezwa aoe. Anayehitaji bila uwezo, aiache na avunje matamanio kwa funga. Mwenye uwezo asiye na haja, ibada ni bora kwake. Kila hali na hukumu yake. Kijana alijiweka katika hali ya tatu, hali iliyomtupa ufukweni ni ya pili.

Padre aliongeza kikombe, kisha akaniuliza ni saa ngapi ilimzidia. Nilipomwambia, akaweka birika chini. Jangwani Misri, alisema, katika karne ya nne, waliishi watawa kila mmoja katika kijumba chake. Mmoja wao, Evagrius Ponticus, aliyefariki mwaka 399, aliandika juu ya mawazo manane yanayomshambulia mtawa. Uzinzi ni mojawapo. Lakini kuna jingine, mbali kabisa na uzinzi, lijulikanalo kama shetani wa adhuhuri, kwa kufuata Zaburi ya 91 itajayo uele uharibuo adhuhuri. Likimjia mtawa, jua huonekana limesimama, siku huwa ndefu mno, hutazama mlangoni, huchukia mahali alipo na maisha aliyo nayo, huona upendo umetoweka miongoni mwa ndugu zake.

Nilinyamaza. Miaka elfu moja na mia sita, na mtu wa jangwani alikuwa amesikia sentensi zile zile nilizosikia mimi nyuma ya madrasa. Tena alijua lile ambalo mimi sikulijua: kwamba yale ni mambo mawili.

Nilimpelekea ustadh habari hiyo kwa tahadhari, nikihofia ataona ninamletea dawa ya kanisani. Hakujali ilikotoka. Siku ya pili alinipigia simu yeye: tunaye mwanachuoni wetu Ghazali. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkuu Baghdad, ulimi ulimgomea. Alitaka kufundisha na neno halitoki, chakula hakishuki, na matabibu wakasema maradhi haya yameingilia moyoni na kutambaa mwilini, hayana tiba mpaka moyo upumzike. "Yule kijana amesoma mlango wa Ghazali wa kuvunja matamanio mawili, ya tumbo na ya tupu," ustadh alisema. "Hakusoma habari ya Ghazali mwenyewe."

Ya hospitali nitayapitia haraka. Daktari wa akili alisema ni sonona nzito, na juu yake maradhi ya wasiwasi, yale ya kurudia rudia. Degedege ilitokana na sumu, haikuwa kifafa. Aliandikiwa fluoksitini. Daktari, kwa uaminifu wa kazi yake, akamwonya kwamba dawa hiyo yaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Kijana akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza nililoliona usoni mwake, na liliniogopesha. Daktari naye aliliona. "Si kwa hilo nakupa," alimwambia. "Nakupa ili urudi kutaka."

Mama alikuwa na hofu nyingine, na ndiyo iliyomchelewesha siku mbili kuja kwangu. Hii ilikuwa 2024, na kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu bado kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Aliogopa neno hilo liandikwe kwenye kadi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba, nilimsomea habari ile kwenye simu mara mbili. Akauliza: "Na watu je, wametamka nini?"

Funga za sunna zilisitishwa. Ustadh alisita, kisha akasema mgonjwa ana ruhusa hata katika ya faradhi, sembuse ya sunna. Kuhusu josho aliweka amri ambayo sidhani utaikuta kitabuni: dumu moja, basi. "Ukishuku baada ya hapo, shaka isikushughulishe. Kama kuna dhambi, iwe shingoni kwangu." Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Lakini ilifanya kazi kuliko darsa zote tano, pengine kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu mwingine alikubali kubeba sehemu ya mzigo. Wiki za mwanzo alitetemeka akitoka bafuni. Kufikia mwezi wa tatu mama aliniambia muuza maji amemuuliza kama wamehama.

Kitu kigumu zaidi kilikuja mwezi wa nne: alimtaja yule binti. Kisha akamtaja baba wa binti huyo, na neno alilomwita ni mojawapo ya mistari miwili iliyofutwa. Alilia mpaka kofia yake ikalowa, akaomba msamaha kwa kulia, akalia tena. Nilimwacha.

Hapo mama akaona mwanawe amepona na akataka kumwoza mara moja, binti ya khalti yake, msichana mwema. Ustadh alimuunga mkono. Mimi nilikataa, na hadi leo hatujakubaliana. Ustadh ana hadithi mkononi, nami naiheshimu. Lakini ndoa haikuteremshwa iwe kidonge, na yule msichana si kafuri ya aina nyingine. Ghazali anapoorodhesha madhara ya ndoa, aanza na kushindwa kupata chumo la halali. Kijana alikuwa bado hana kazi. Nilisema apate kwanza la kumfanya aamke, kisha aulizwe mwenyewe. Tulipomuuliza, alisema: "Bado sijajua. Lakini sikatai." Mama aliona ni jibu baya. Kwangu, kwa mtu aliyesema miezi michache nyuma kwamba ataka kuisha, ilikuwa hotuba.

Watawa wale wa jangwani waliupiga uvivu wa adhuhuri kwa kazi ya mikono. Cassian, aliyeyachukua mafunzo yao hadi Ufaransa, aliikazania sana. Hatukuwa na mikeka ya kusuka. Ramadhani ilipofika, daktari akimruhusu kufunga na kumeza kidonge wakati wa daku, tatizo likawa saa ile ile: adhuhuri ikishasaliwa, msikiti hujaa watu waliolala chini ya feni, na yeye akaniuliza kama ni lazima naye alale. Ustadh akampeleka uani, kwenye futari ya msikiti. Kazi yake kuanzia saa saba mpaka alasiri ikawa kukagua nazi, kukuna, na kugombana na mpishi juu ya uji. Sasa ashika hesabu za duka la jumla Kongowea, na mchana ndio wateja huzidi.

Kafuri zote zimetupwa. Kabati lake lingali lanuka. Mama ameliosha kwa sabuni na ndimu, ameliacha wazi jua likiingia, na bado.

Ijumaa iliyopita walinialika kula. Mama alileta wali na samaki wa kupaka, akatupakulia, akabaki amesimama kama kawaida yake kuona kama tumeridhika. Kijana akatia tonge mdomoni, akatafuna, akalitazama sinia.

"Mama, wali wa leo una nazi kidogo."

Mama akabaki na bakuli mkononi, asijue acheke au aende akakune nyingine.